Yamaha A-S301, Denon PMA-600NE au NAD 3020 ya zamani: ipi ina sauti iliyotulia?

Mkwajuni88 (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za jioni. Nimeweka akiba tangu Ramadhani, sasa nina milioni moja na nusu na nataka amplifaya ya sebuleni ya kusikilizia muziki tu, mambo ya sinema simo. Sabufa niliyonayo imenichosha: besi inagonga mpaka sahani kabatini zinalia, lakini sauti ya mwimbaji huisikii.

Nimebakiwa na tatu. Yamaha A-S301 mpya, Denon PMA-600NE mpya, na NAD 3020 ya kaka mmoja wa Kinondoni anayesema iko vizuri, anataka laki tatu na nusu. Kelele sizitaki. Nataka sauti laini, iliyoiva, ile ambayo ukikaa nayo saa tatu masikio hayachoki. Jumamosi naingia Kariakoo. Nichukue ipi?

Fundi_Magomeni (Dar es Salaam)

Mkuu, swali lako limekuja nusu. Spika zako ni zipi, na ni omu ngapi, yaani ukinzani wake wa umeme? Chumba kina ukubwa gani, chini ni vigae au kapeti? Muziki unatoka wapi, simu, kompyuta au santuri? Na kwako jioni umeme unasoma volti ngapi? Bila hayo tunakuchagulia kiatu bila kuuona mguu.

SikioMoja (Arusha)

Denon. Nimekaa na Yamaha miaka miwili na sasa nina Denon, najua ninachosema. Yamaha ni safi, kila kitu unakisikia, lakini ni sauti kavu. Matoazi yanakuja mbele mno. Denon ina nyama katikati, pale inapokaa sauti ya binadamu. Weka Mlimani Park, sikiliza magitaa yanavyopishana: kwa Yamaha utayahesabu, kwa Denon utacheza.

Luthuli_Besi (Nairobi)

Mimi ningesema ununue Fosi V3 na hela inayobaki uongeze kwa spika. Ni kadogo kama kitabu, ndani kuna chipu ya TPA3255 ya Texas Instruments, na nguvu yake inazidi hizo zote tatu. Hizi amplifaya kubwa za kilo saba tunazibeba kwa sababu ya mazoea. Huku Nairobi nimewasikilizisha watu watano nikiwa nimeifunika kwa kitambaa, wote walidhani ni Marantz.

Mzee wa Santuri (Unguja)

Wanangu, NAD 3020 ni chombo. Ilitoka mwishoni mwa miaka ya sabini, aliyeibuni ni Erik Edvardsen, na kwenye karatasi iliandikwa wati 20 tu. Watu wakaicheka, walipoiwasha wakanyamaza. Wati zile 20 zilikuwa za kweli, na muziki ukitaka mkupuo wa ghafla ilikuwa nayo akiba ya kuutoa. Nyuma ina swichi ya kulainisha kilele cha sauti, ukiizidisha haipasui masikio. Mimi ninayo tangu 1984. Fidla inapiga kama iko barazani.

Mkwajuni88

Samahanini wakuu, nilikuwa kazini. Shikamoo Mzee wa Santuri.

Fundi, majibu haya: spika ni KEF Q150, aliniletea mpwa wangu kutoka Uingereza mwaka jana, nimezifunga kwenye ile sabufa kwa muda. Chumba ni mita 4 kwa 5, vigae chini, kuta za zege, dari ya jipsamu. Ninakaa kama mita tatu kutoka kwenye spika. Muziki unatoka kwenye simu kwa bluetooth na kwenye kompyuta. Santuri sina bado, ila baba aliacha boksi zima nyumbani Korogwe na ninataka kuzichukua. Volti sijawahi kupima.

Fundi_Magomeni

Sasa tunaongea. Q150 ni spika nzuri lakini ni nzito kusukuma kidogo: kwa wati moja, ukiwa mita moja, inatoa desibeli 86, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti. Wewe uko mita tatu, kwa hiyo ondoa kadiri ya desibeli nane au tisa, rudisha kama tatu kwa kuwa spika ziko mbili. Kwa wati moja una desibeli 80 hivi mahali ulipokaa. Hiyo tayari ni sauti ya kujaza sebule kwa mtu anayesikiliza kwa utulivu. Kila unapozidisha wati mara mbili unapata desibeli tatu tu. Yamaha ina wati 60 kwa omu 8, Denon ina 45. Tofauti yake ni desibeli 1 na robo. Hutaisikia. Yeyote anayekuuzia wati 60 dhidi ya 45 anakuuzia namba.

Kitu kikubwa kwako ni chumba. Vigae na zege vinarudisha sauti kama kisima. Hiyo sauti kavu anayoilalamikia SikioMoja, nusu yake ni vigae. Kabla ya Kariakoo weka zulia nene kati yako na spika, pazia zito kwenye dirisha na kabati la vitabu ukutani. Na hizo Q150 zina tundu la hewa nyuma. Usizibandike ukutani, zivute nusu mita, la sivyo besi itavimba. Zilikuja na vizibo vya sponji. Nafasi ikikubana, vitumie.

SikioMoja

Fundi, ninakuheshimu, lakini usinitolee masikio kwenye hesabu. Yamaha na Denon nilizijaribu chumba kilekile, spika zilezile, Wharfedale Diamond, zulia lilelile. Tofauti ilikuwepo. Mke wangu alikuwa jikoni, hakujua nimebadilisha, akauliza mbona leo sauti imetulia.

Fundi_Magomeni

Ulisawazisha sauti kwa mita? Kwa masikio haitoshi. Amplifaya moja ikizidi nyenzake hata nusu desibeli, mtu hasemi "ina sauti kubwa zaidi". Husema ina nyama, ina uhai, imetulia. Sikio ndivyo lilivyo. Mimi nikilinganisha mbili kwa mteja, natia mlio wa hezi 1000, nashika multimita kwenye vituo vya spika, naweka volti sawasawa mpaka zisitofautiane kwa zaidi ya asilimia moja. Halafu anayesikiliza asione ni ipi inapiga. Miaka hii yote, amplifaya mbili zilizo nzima, zisizosukumwa kupita uwezo wake, wateja wangu wachache sana wamezitofautisha.

SikioMoja

Kwa hiyo wahandisi wote duniani wanapoteza muda?

Fundi_Magomeni

Sijasema hivyo. Mwaka 1985 Mmarekani Bob Carver aliwaahidi waandishi wa jarida la Stereophile kwamba wamchagulie amplifaya wanayoipenda, ya bei mbaya, ataifanya ya kwake ya bei ndogo isikike vilevile. Wakampa ya valvu, zile taa za kioo za kabla ya transista. Akawa anapima kinachobaki ukitoa sauti ya hii kwenye sauti ya ile, anarekebisha, anapima tena, mpaka kilichobaki kilikuwa karibu na hakuna. Waandishi wale wenye masikio ya kazi walishindwa kuzitenganisha.

SikioMoja

Umenijibia mwenyewe. Kama amplifaya zote ni sawa, alikuwa anarekebisha nini siku mbili nzima? Ina maana kabla hajaigusa zilikuwa zinasikika tofauti, na watu walizisikia. Yamaha ya dukani hakuna aliyeikalia siku mbili akaifanya iwe Denon.

Fundi_Magomeni

Hapo umenishika kidogo. Ile ya valvu ilikuwa na ukinzani mkubwa kwenye sehemu ya kutolea sauti, spika zikawa zinaipinda sauti yake. Hizi mbili za leo hazina tabia hiyo. Lakini hoja yako naikubali kwa upande wa valvu.

Mzee wa Santuri

Valvu ndiyo iliyotulea. Ile rediogramu ya baba yangu Mkunazini ilikuwa inachukua nusu dakika kupata moto, unaona taa ndani zinawaka nyekundu taratibu, kisha sauti inakuja kama mtu anayeamka. Transista haikupi hiyo. Uzuri wa valvu ni kwamba ikikosea hukosea kwa utamu, inaongeza sauti za oktavu juu ya ile iliyopigwa, sikio linazikubali. Transista ikikosea inakwaruza.

Mtu wa Muttrah (Muscat)

Mzee shikamoo, nimekumbuka nyumba. Huku kwetu kiangazi joto linapita nyuzi 45, valvu unaiwasha ukiwa na eisi mbili. Mimi nilikuwa na ya valvu za EL34, nikaiuza. Sasa nina Rega Brio, wati 50, na nimetulia nayo. Mkwajuni, hiyo ungeitafuta iliyotumika. Haina bluetooth wala vikorombwezo, ila ina sehemu ya santuri ambayo ni nzuri kweli, na wewe una boksi la baba. Mimi nakuja Dar mwezi wa kumi na mbili, umeme wa huku ni volti 240 na plagi ni ileile ya pini tatu bapa, kwa hiyo kitu cha huku kinafanya kazi huko bila kuguswa.

BintiNgamiani (Tanga)

Nilikuwa nasoma tu, lakini neno volti limenitoa. Mkwajuni, kabla hujanunua chochote kilichotumika, soma yaliyonikuta mimi.

Baba yangu alikuwa mpenzi wa muziki kuliko chakula. Alipofariki aliniachia santuri zake na spika mbili kubwa za mbao, amplifaya ilikuwa imekufa siku nyingi. Nikaapa nitazipigisha tena. Miaka mitano iliyopita nikaona amplifaya ya Kijapani ya miaka ya themanini kwenye yadi ya vitu vilivyotoka kwenye kontena. Kampuni siitaji kwa sababu kosa halikuwa lake. Chombo kilikuwa kizuri, uso wake wa alumini bado unang'aa, kizito mpaka nilihitaji kijana wa kunibebea. Muuzaji akasema hii imetoka Japani moja kwa moja, haijachezewa. Nikamwambia niwashie. Akasema umeme wa yadi umekatika, lakini ana uhakika. Nikatoa laki nne na themanini.

Nimefika nyumbani, nimepangusa, nimefunga waya za spika kwa mikono yangu, nimechagua santuri ya kwanza. Nikabonyeza. Taa zikawaka kali kuliko kawaida, ikaanza kuunguruma, mlio mzito unaotetemesha meza. Nikadhani ni waya wa ardhi. Ndani ya dakika moja nikasikia harufu ya vanishi inayoungua, kisha moshi kwenye matundu ya juu. Nilichomoa, lakini transfoma ilikuwa imeshakwenda. Nyuma, kwa herufi ndogo ambazo sikuzisoma, paliandikwa 100V. Japani umeme wao wa nyumbani ni volti 100. Mimi nimeipa 230.

Ningeishia pale ningekuwa nimepoteza laki tano. Sikuishia. Nikampelekea fundi mmoja, akaisuka transfoma upya, laki moja na ishirini. Ikarudi na mngurumo kwenye spika zote mbili, na upande wa kushoto ukiwa dhaifu. Fundi wa pili akasema transista za kutolea sauti zimeungua, akaweka mpya. Zimeandikwa Toshiba, lakini baadaye nilionyeshwa maandishi yake yalivyokaa vibaya na kipande cha ndani kilivyo kidogo: bandia. Zilikaa wiki tatu. Siku moja jioni, katikati ya santuri, spika ya kulia ikatoa mlio mmoja kama mlango unaofungwa, koni ikasimama mbele haikurudi. Transista ilishoti ikapeleka umeme mnyoofu (DC, kama wa betri) kwenye spika mpaka koili ikaungua. Ile ilikuwa spika ya baba.

Amplifaya ningenunua nyingine. Ile spika sijapata mfano wake mpaka leo. Soma bamba la nyuma kwanza. Usimwamini mtu asiyekuwashia.

Mkwajuni88

Pole sana dada. Nimesoma mara mbili. Nitamuuliza yule wa Kinondoni picha ya nyuma.

Luthuli_Besi

Pole dada. Huku pia tunaziona hizo za 100V. Na hii ndiyo sababu naipenda Fosi, adapta yake inakubali kuanzia volti 100 mpaka 240. Stima ikishuka haijali.

Fundi_Magomeni

Dada, pole. Transista za kubandika jina zimejaa, hasa 2SC5200 na nduguye 2SA1943. Mimi nazipima uzito kwanza.

Luthuli kwenye umeme yuko sahihi, na hili Mkwajuni lisikupite. Yamaha na Denon zina transfoma ya kawaida isiyodhibiti volti. Umeme ukishuka kutoka 230 hadi 184, ndani nako kunashuka kwa moja ya tano, na nguvu inabaki asilimia 64. Wati zako 60 zinakuwa 38. Ndiyo maana watu wanasema amplifaya yao usiku wa manane ina sauti nzuri kuliko saa moja jioni, wanadhani ni utulivu wa mtaa. Utulivu upo, lakini na volti zimerudi.

Kasoro ya Fosi V3 ya kawaida ni kwamba trebo yake, yaani sauti za juu, hubadilika kidogo kulingana na omu za spika, kwa sababu ya kichujio cha kutolea. Kwa spika hii itang'aa, kwa ile itazama.

SikioMoja

Nilijua. Klasi D, aina ya hiyo Fosi, ina kitu baridi.

Luthuli_Besi

Watu wangu watano hawakusikia baridi.

SikioMoja

Walisikiliza wimbo gani? Kama ni ngoma za kompyuta, hata sabufa ya Mkwajuni ingefaulu. Wape udi na ganuni. Uzi wa ganuni ukikwanyuliwa una mwanzo mkali na mkia mrefu laini. Amplifaya mbovu inakupa mwanzo, mkia inaula.

Mzee wa Santuri

Hapo kijana wa Arusha umesema neno. Mkia wa ganuni ndio mtihani. Mimi hutumia Culture Musical Club, pale ala zote zinaponyamaza ibaki moja. Na msisahau kilichorekodiwa. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928. Hata ukiwa na amplifaya ya dhahabu utasikia mchakacho na sauti yake nyuma ya mchakacho, na inatosha kukuliza.

Fundi_Magomeni

Ni kweli, na nyingi za Radio Tanzania Dar es Salaam ni mono, bendi nzima mbele ya mikrofoni chache, moja kwa moja kwenye utepe. Mkwajuni, ukisikiliza hizo usishangae sauti yote kukaa katikati ya spika zako.

Mtu wa Muttrah

Lakini zile mono zina mshindo. Besi la gitaa la zamani halina deni kwa mtu. Rekodi za siku hizi zimebanwa zote kwenye sauti moja ya juu, hazina panda wala shuka. Unalaumu amplifaya kumbe ni faili.

Luthuli_Besi

Na wengi tunasikiliza iliyopakuliwa kutoka kwa video, tena ya mtu aliyerekodi kaseti. Franco na TPOK Jazz nilimjua kwa faili mbovu miaka kumi. Siku nilipopata santuri nilisikia gitaa la pili ambalo sikujua lipo.

BintiNgamiani

Mzee wa Santuri, shikamoo. Za baba zimeota ukungu mweupe, unyevu wa huku Tanga unazimaliza. Nizisafishe kwa nini? Kuna aliyeniambia spiriti.

Mzee wa Santuri

Marahaba mwanangu. Kwanza ziangalie ni za aina gani. Zile nzito za mizunguko 78, zinazovunjika kama sahani, usiziguse kwa spiriti kabisa. Ndani yake mna shelaki, na spiriti huiyeyusha. Utafuta nyimbo kwa mkono wako. Zile za plastiki zinazopindika, tumia maji yaliyochemshwa mvuke, yale ya betri yasiyo na asidi, na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, ufuate mifereji kwa mzunguko, usikate katikati. Suuza kwa maji yaleyale, usiruhusu lebo ilowe. Kisha zisimamishe zikauke kivulini. Zikikauka usizirudishe kwenye mifuko ya zamani, ukungu umelala humo.

BintiNgamiani

Asante sana mzee. Nyingi ni za plastiki, lakini chini ya sanduku kuna nne nzito ambazo sijawahi kuzigusa.

Mzee wa Santuri

Hizo nne nisomee lebo zake, taratibu, mojamoja.

Mkwajuni88

Wakuu, nimerudi. Nimeazima mita kwa jirani. Saa 2 usiku imesoma 194, saa 6 usiku 227. Nimesogeza spika mbele kwa nusu mita na kuazima zulia la mama, na hata hii sabufa sauti ya mwimbaji imeanza kutoka. Kwa kweli nimeshangaa.

Mwenye NAD ametuma picha ya nyuma. Panaonekana 240V, ile swichi ya kulainisha ipo, vile vikoki viwili vya chuma vyenye umbo la U, vinavyounganisha sehemu ya mbele ya amplifaya na ile ya nguvu, navyo vipo. Ila anasema upande mmoja unakwaruza ukizungusha kitufe cha sauti.

Fundi_Magomeni

Kukwaruza ni uchafu wa potensiomita, dawa ya kupulizia inamaliza. Kinachonitia wasiwasi ni kapasita za miaka arobaini. Ukiichukua, niletee niifungue kabla hujaifunga kwenye hizo KEF. Nitapima kama kuna umeme mnyoofu kwenye sehemu ya kutolea sauti. Na yoyote utakayonunua, weka gadi ya friji mbele yake, ile inayosubiri dakika chache umeme ukirudi.

SikioMoja

Bado nasema Denon. Nenda kaisikilize, chukua wimbo unaoujua kwa moyo.

Mtu wa Muttrah

Au nisubiri mwezi wa kumi na mbili. Kuna Brio moja nimeiona hapa Ruwi, nitaipigia picha ya nyuma kesho.

Kapasita_Mwanza (Mwanza)

Samahani kwa kuingilia. Mkwajuni, kama ile NAD ya Kinondoni huichukui, naomba unifikishie kwa huyo kaka. Na Fundi, vile vikoki vya U ninaviondoa nikitaka kufunga amplifaya ya pili, au kuna hatari?